Sauti za Kihispania mtandaoni: za Mexico, za Uhispania au za mashabiki?

Mtu anayeanza kufuatilia utamaduni wa mtandaoni wa wazungumzaji wa Kihispania hukutana mapema na jambo linalowatatiza wengi: katuni ileile, filamu ileile, na hata kipande kilekile cha sekunde chache kinachosambazwa kama kichekesho, hupatikana kwa sauti mbili au tatu tofauti, na kila sauti ina watu wake wanaoitetea kwa moyo wote. Kuna sauti zinazoingizwa, yaani zinazorekodiwa juu ya picha badala ya sauti za asili, huko Mexico kwa ajili ya Amerika ya Kilatini, kuna zinazoingizwa Madrid na Barcelona kwa ajili ya Uhispania, na kuna zile zinazorekodiwa na mashabiki vyumbani mwao, ambazo wenyewe huziita fandub. Pembeni yake zipo sauti za kompyuta, za zamani na za sasa, ambazo nazo zimejipatia wafuasi.

Makala haya yanalinganisha njia hizo kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili anayetafuta pa kuanzia, awe anajifunza lugha, anapenda anime (katuni za Kijapani), au anafikiria kuingiza sauti za Kiswahili yeye mwenyewe. Nitasema mapema ninakoegemea. Kwa wengi wetu sauti za Mexico ndizo mlango mpana zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya utani wa mtandaoni wa Kihispania imejengwa juu yake. Lakini yako mahitaji ambayo sauti za Uhispania na kazi za mashabiki huyatimiza vizuri zaidi, na anayeziruka hukosa mengi.

Jinsi njia zilivyogawanyika

Nchini Uhispania, amri ya serikali ya dikteta Franco ya mwaka 1941 ililazimisha filamu za kigeni zioneshwe kwa Kihispania. Sharti lenyewe halikudumu miaka mingi, lakini mazoea yalibaki, na mpaka leo Mhispania wa kawaida hukua akimsikia nyota wa Hollywood kwa sauti ya mwigizaji wa nyumbani anayemfuata miaka nenda miaka rudi. Mexico ilikwenda kinyume. Sheria yake ya sinema ya mwaka 1992, kama zile zilizoitangulia, ilitaka kila filamu ioneshwe kwa lugha yake ya asili ikiwa na maandishi ya tafsiri, isipokuwa filamu za watoto na filamu za elimu. Kwa hiyo vipaji vya sauti vya Mexico vilielekea kwenye televisheni na katuni, na huko ndiko vilikokomaa.

Kwa miongo kadhaa katuni ndefu za Disney zilikuwa na Kihispania kimoja tu, na watoto wa Uhispania walisikia sauti zilezile zilizosikika Bogotá na Lima. Mchekeshaji wa Mexico Germán Valdés, aliyejulikana kwa jina la Tin Tan, ndiye aliyempa sauti dubu Baloo katika The Jungle Book, filamu ya mwaka 1967, na wako Wahispania wa makamo wasioweza kumwazia dubu huyo kwa sauti nyingine. Mgawanyiko ulikuja na La Bella y la Bestia (Beauty and the Beast), filamu ya mwaka 1991, ambayo Uhispania ilitengenezewa sauti zake tofauti na zile za Amerika ya Kilatini. Tangu hapo watoto wa ng'ambo mbili za Atlantiki wamekua na kumbukumbu mbili, na mabishano mengi yanayoonekana leo chini ya video yanatoka kwa watu waliokua baada ya mwaka huo.

Homero dhidi ya Homer

Hakuna mahali ambapo tofauti hii inaonekana kwa karibu kama kwenye The Simpsons, katuni ya Kimarekani kuhusu familia moja. Katika toleo la Mexico baba wa familia ile anaitwa Homero, na kuanzia msimu wa kwanza hadi wa 15 sauti yake ilikuwa ya Humberto Vélez. Katika toleo la Uhispania anabaki Homer, na katika miaka ya mwanzo alizungumza kwa sauti ya Carlos Revilla, ambaye pia ndiye aliyeongoza kazi nzima ya kuingiza sauti mpaka alipofariki mwaka 2000, nafasi ya Homer ikachukuliwa na Carlos Ysbert.

Sikiliza waigizaji hawa wawili wakitamka kisingizio kilekile cha mtu aliyechelewa kazini. Revilla hukipa uzito wa mwanamume mzima aliyechoshwa na dunia, sauti ikitoka kifuani, na kichekesho kinatokana na jinsi mtu mwenye sauti ya heshima anavyosema upuuzi. Vélez hufanya kinyume: sauti yake hupanda, hukwaruza, kisha huanguka ghafla kama ya mtoto aliyekamatwa akiiba sukari, na kichekesho kinatokana na huruma anayotutia. Ni Homer wawili kweli, na si suala la lafudhi tu. Mimi humwona wa Revilla kuwa karibu zaidi na baba anayeogopwa kidogo, na wa Vélez kuwa mtu ambaye jirani zake wangemsamehe lolote.

Halafu kuna maneno. Timu ya Mexico ilijiruhusu uhuru mkubwa, na Homero akaanza kusema misemo ya mitaa ya Mexico. Anaposhangaa husema «me quiero volver chango», yaani nataka kugeuka nyani. Anapomnyang'anya mtu kitu hutamka «matanga, dijo la changa», maneno ambayo watoto wa Mexico huyasema wanapompokonya mwenzao kitu mkononi. Majina nayo yalihamia nyumbani. Barney Gumble akawa Barney Gómez, mkuu wa polisi Wiggum akawa jefe Gorgory, na Sideshow Bob akaitwa Bob Patiño, kwa kuwa patiño katika maonesho ya vichekesho ya Mexico ni yule msaidizi anayempokea mchekeshaji mkuu maneno. Mtazamaji wa Ekwado au Chile ambaye hajawahi kukanyaga Mexico alijifunza haya yote kutoka kwa familia ya Kimarekani yenye ngozi ya njano.

Wahispania hawakubaki nyuma. Wao waliacha majina mengi kama yalivyo, wakaweka ubunifu wao kwenye mihemko. Homer wao husema «¡mosquis!» mambo yanapomharibikia, na mwanawe Bart humfukuza anayemkera kwa kumwambia «multiplícate por cero», ajizidishe kwa sifuri. Paka na panya wanaochinjana kwenye televisheni ya watoto wale ni Rasca y Pica kwa Wahispania na Tommy y Daly kwa Walatini. Ukiona mtu mtandaoni akitumia mojawapo ya maneno haya, umeshajua alikulia upande gani wa bahari.

Kilichozifanya sentensi hizi zikae vichwani ni kurudiwarudiwa. Telefe ya Argentina na kituo cha 7 cha TV Azteca nchini Mexico zilirusha vipindi vilevile kwa miaka, na Antena 3 ya Uhispania ilivirusha saa ya chakula cha mchana, familia nzima ikiwa mezani. Kizazi kilichokuja kutengeneza vichekesho vya mtandaoni kilikuwa tayari kimekariri kila kitu, ndiyo maana picha moja tu ya Homero, bila maandishi yoyote, huweza kusomwa na mamilioni ya watu kwa sauti ya Vélez.

Sauti hiyo ilikatika mwaka 2005. Kulizuka mgogoro wa kazi kati ya kampuni iliyoshughulikia uingizaji sauti na chama cha waigizaji cha Mexico, ANDA, kuhusu kuajiri watu wasio wanachama, na waigizaji wa awali wakaondoka na nafasi zao kupewa wengine. Watazamaji waliusikia mshtuko huo hata bila kusoma habari zake. Ilichukua takriban miaka 15 kabla Vélez hajarudi kwenye nafasi yake. Kwa anayechagua, jambo hili lina matokeo ya moja kwa moja: tazama misimu ya mwanzo hadi wa 15 kwa sauti za Mexico, kwa sababu humo ndimo mlimochotwa karibu kila kichekesho utakachokutana nacho. Baada ya hapo uzito wa hoja ya Mexico unapungua, na toleo la Uhispania, ambalo lilimpoteza Revilla lakini likampata Ysbert aliyedumu, linakuwa na mwendelezo mzuri zaidi.

Goku, Shrek na watu maarufu

Kwenye Dragon Ball, katuni ya Kijapani ya mpiganaji Goku, sina kusita hata kidogo. Mario Castañeda kama Goku mkubwa, René García kama Vegeta, Laura Torres kama Goku mtoto na baadaye Gohan, ni miongoni mwa kazi bora za sauti zilizowahi kufanywa kwa Kihispania, na Castañeda hasa ana uwezo wa kupandisha mguno mdogo hadi kuwa ukelele wa hasira bila kumpoteza mtu aliye ndani yake. Toleo la Kihispania cha Uhispania lilianza vibaya. Katuni hii iliingia nchini humo mwaka 1990 kupitia vituo vya majimbo, TVG ya Galicia na TV3 ya Catalonia, na toleo la lugha ya taifa likaja likiwa na maneno yaliyopita lugha kadhaa njiani. Pigo maarufu la Goku, ambalo dunia nzima hulijua kama kamehameha, likawa «onda vital», wimbi la uhai. Wahispania waliokua nalo wanalipenda kwa dhati, na sioni sababu ya kuwanyang'anya upendo wao, ila mgeni hana haja ya kuanzia hapo. Ukitaka Goku wa Uhispania kwa ubora wake, msikilize Marc Zanni kwa Kikatalani, katika toleo ambalo kwa vijana wengi wa Barcelona lilikuwa sehemu ya kukua kwao katika lugha yao.

Nguvu ya toleo la Amerika ya Kilatini ilionekana Machi 2024, baada ya kifo cha Akira Toriyama, muundaji wa Dragon Ball, mashabiki walipokusanyika kwenye mnara wa Obelisco jijini Buenos Aires wakainua mikono juu kama wahusika wa katuni wanavyofanya kumchangia Goku nguvu zao. Walikuwa Waargentina, wakimwaga machozi kwa ajili ya msanii wa Japani waliyemjua kwa sauti za Mexico.

Shrek, filamu ya katuni ya zimwi na punda wake, ni kesi tofauti, kwa sababu pande zote mbili zilifanya vizuri sana. Mexico ilimpa punda Eugenio Derbez, na akamjaza utani wa nyumbani. Shrek mwenyewe ni Alfonso Obregón. Uhispania iliwaita wachekeshaji wawili waliozoeana jukwaani, Juan Antonio Muñoz na José Mota wa kundi la Cruz y Raya, na kuzoeana huko kunasikika katika kila mabishano ya Shrek na punda wake. Hapa ningeshauri utazame yote mawili.

Kuweka mtu maarufu mbele ya kipaza sauti hakuleti matunda hayo kila mara. Wachekeshaji hao watatu ni waigizaji kwa taaluma. Tangu miaka ya 2010 studio zimekuwa zikiwaita watu wenye wafuasi wengi YouTube: Mchile Germán Garmendia katika filamu ya tano ya Ice Age mwaka 2016, na Mmexico Luisito Comunica kama Sonic mwaka 2020. Uteuzi huo wa pili uliwaudhi mashabiki wengi wa uingizaji sauti, waliosema kuwa nafasi hiyo ingepewa mwigizaji wa sauti, nami naungana nao. Ukichagua kwa ajili ya kujifunza lugha au kufurahia uigizaji, angalia kwanza nani yuko kwenye orodha ya sauti. Jina kubwa kwenye bango si dhamana.

Sikio la Mswahili

Msemaji wa Kiswahili anaingia katika lugha hii akiwa na mtaji. Irabu za Kihispania ni tano zilezile tulizonazo, na hutamkwa karibu vilevile, jambo linaloufanya usikivu wa mwanzo uwe mwepesi kwa toleo lolote. Tofauti inakuja kwenye konsonanti. Katika sauti za Mexico herufi c mbele ya e au i, pamoja na z, husikika kama s. Katika sauti za Uhispania husikika kama th yetu ya «thamani». Wanafunzi kutoka lugha nyingi huiona th hiyo kuwa mzigo, lakini kwetu ipo tangu utotoni, na inasaidia kwa sababu hutenganisha «casar», kuoa, na «cazar», kuwinda, maneno ambayo kwa Mmexico ni sauti moja. Herufi j ya Uhispania nayo ni nzito, karibu na kh ya watu wa pwani wanaposema «kheri» kwa kuifuata asili yake ya Kiarabu, ilhali ya Mexico ni laini zaidi.

Kwa hiyo anayejifunza ili afanye mtihani, au ili asome au afanye kazi Uhispania, asidhani kwamba toleo la Uhispania ni gumu. Atakutana pia na «vosotros», yaani ninyi ya marafiki, ambayo katika matoleo ya Amerika ya Kilatini haipo kwa kuwa huko kila kundi la watu huitwa «ustedes». Anayelenga mawasiliano mapana mtandaoni, ambako Wahispania ni wachache wakilinganishwa na wenzao wa ng'ambo, atafaidika zaidi na Mexico.

Tahadhari moja inahusu matoleo yote mawili. Kwenye huduma kama Netflix, maandishi ya Kihispania mara nyingi hayalingani na maneno yanayosemwa katika sauti za Kihispania, kwa kuwa maandishi na sauti hutafsiriwa na watu tofauti kwa vigezo tofauti. Mwanafunzi anayesoma huku akisikiliza hujikuta na sentensi mbili kwa wakati mmoja. Si kosa la sikio lako.

Zipo njia nyingine rasmi ninazozipita haraka. Bob Esponja (SpongeBob) wa Amerika ya Kilatini alizaliwa Caracas, Venezuela, kwa sauti ya Luis Carreño, na ni mfano mzuri wa kile kinachoitwa Kihispania cha kati, kisicho na mtaa. Argentina ilipata toleo lake la Los Increíbles (The Incredibles) mwaka 2004, likiwa na «vos», yaani «wewe» ya huko, na utani wa Buenos Aires. Ni tamu kwa anayeipenda Argentina, si pa kuanzia.

Kazi za mashabiki

Fandub kwa kawaida huanza na tangazo. Kiongozi wa mradi huweka orodha ya wahusika, maelezo ya umri na tabia ya kila mmoja, mistari michache ya majaribio, na tarehe ya mwisho. Kisha rekodi humiminika kutoka Chile, Peru, Mexico, Kolombia na Uhispania, kila mtu akiwa na kipaza sauti chake na kabati la nguo alilolifungua nyuma yake ili kumeza mwangwi. Waigizaji huenda wasikutane kamwe. Mtu mmoja hukusanya mafaili yao, huyapanga juu ya picha, na video hupandishwa ikiwa na maneno yaliyokuwa desturi: «hecho por fans y para fans, sin fines de lucro», imetengenezwa na mashabiki kwa ajili ya mashabiki, bila faida. Maneno hayo hayawakingi dhidi ya wenye hakimiliki, na kazi nzuri huondolewa mtandaoni bila taarifa, basi usijenge ratiba yako ya kujifunza juu ya video moja tu.

Ukitaka kujua ubora wa kazi ya mashabiki, usisikilize mhusika anapozungumza. Sikiliza kilicho nyuma yake. Studio rasmi hupewa na mwenye filamu faili la muziki na milio peke yake, bila sauti za waigizaji, na juu ya hilo huweka Kihispania. Shabiki hana faili hilo. Anapoondoa sauti za asili, anaondoa pia mvua, hatua na mlango unaofungwa, na inambidi avirudishe kimoja kimoja kwa mkono. Katika kazi iliyofanywa haraka utasikia upepo ukikatika kila mhusika anapofungua kinywa, kisha ukarudi anaponyamaza. Katika kazi iliyofanywa kwa upendo hutasikia chochote, na ukimya huo umemgharimu mtu wiki nzima. Dalili ya pili ni pumzi: wanaoanza hukariri maneno wakasahau kuhema, kutafuna, kumeza mate na kuguna, ambavyo kwa mwigizaji mzoefu ni nusu ya kazi.

Kwa kupima hivyo, fandub nyingi za anime hushindwa na toleo rasmi, na sioni haya kulisema hata kama nawapenda wanaozifanya. Pale ambapo hakuna toleo rasmi, hali ni nyingine kabisa. Undertale, mchezo wa mwaka 2015 wa Toby Fox, hauna mazungumzo ya sauti. Wahusika wake hutoa milio midogo tu huku maandishi yakipita. Mashabiki walichora maelfu ya komiki, yaani hadithi za picha, za wahusika wake Sans na Papyrus, na wengine wakaziingizia sauti za Kihispania, wakabuni kutoka mwanzo jinsi kila mmoja anavyocheka na anavyovuta maneno. Hapo shabiki hamwigi mtu. Baadhi ya sauti hizo zimekubalika kiasi kwamba wasikilizaji huzikataa nyingine, kama walivyoikataa sauti ngeni ya Homero.

Komiki hizi ndizo ninazompendekezea mwanafunzi wa lugha kuliko kitu kingine chochote cha mashabiki. Maandishi yapo ndani ya kiputo, sauti inasoma yaleyale, mwendo ni wa taratibu, na tatizo la maandishi kutolingana na sauti halipo. Zikifuatiwa na nyimbo za kufungulia anime zilizotafsiriwa na kuimbwa na mashabiki, ambapo kila silabi imepimwa ili ikae kwenye muziki, unapata mazoezi ya masikio ambayo darasa haliwezi kuyatoa.

Kwa anayefikiria kuingiza sauti za Kiswahili, kuna ulinganisho mwingine wa kufanya. Sisi tuna desturi yetu, ile ya msimulizi mmoja anayeibeba filamu nzima juu ya sauti za asili, kama DJ Afro nchini Kenya na Lufufu nchini Tanzania, na wenzao wa Uganda. Katika Kihispania, ndugu wa karibu wa desturi hiyo si fandub. Ni Humor amarillo, kipindi cha mashindano ya Japani kilichooneshwa na Telecinco kuanzia mwaka 1990, ambapo wasimulizi wa Kihispania hawakutafsiri chochote bali walibuni majina na visa, akiwemo mshiriki wa kubuni aliyeitwa Chino Cudeiro ambaye walimtangaza kuwa amekufa karibu kila mara. Msimulizi ana uhuru na anahitaji kipaji cha papo kwa papo. Fandub inadai subira, mdomo ulingane na neno, na kundi la watu wanaoaminiana. Tamthilia za Kituruki zilizoingizwa Kiswahili na kuoneshwa na Azam TV zimetuonesha kwamba njia ya pili nayo inawezekana kwetu, na kijana anayetaka kuifuata atajifunza mengi kwa kukaa na fandub moja ya Kihispania na kuhesabu kazi iliyofanyika nyuma ya kila dakika.

Sauti za mashine

Loquendo ilikuwa kampuni ya Turin, Italia, iliyoanzishwa mwaka 2001 na kununuliwa na Nuance mwaka 2011, na bidhaa yake ilikuwa programu ya kusoma maandishi kwa sauti. Vijana wa Amerika ya Kilatini na Uhispania waliichukua sauti yake ya Kihispania iliyoitwa Jorge, wakaiweka juu ya video za mchezo wa GTA San Andreas, na ikazaliwa sanaa nzima. Jorge alisimulia mafumbo ya msituni, alitukana kwa utulivu wa msomaji wa taarifa ya habari, na waliojiita loquenderos walijifunza kuandika maneno kwa makosa ya makusudi ili avute silabi au apandishe sauti. Asiye na pesa ya kipaza sauti, au anayeona haya sauti yake, alipata sauti. Kwa anayetaka kuelewa YouTube ya Kihispania ya karibu mwaka 2010, saa chache na Jorge ni za lazima. Kwa kujifunza matamshi, hapana, kwa sababu mkazo wa sentensi zake umepinda.

Sauti za akili bandia za leo zinafanana na Loquendo kwa juu tu. Jorge hakujifanya kuwa mtu mwingine, na kila msikilizaji alijua anasikiliza mashine. Programu za sasa hunakili koo la mtu aliye hai au aliyefariki, na kulifanya liseme lisilowahi kusema. Julai 2025 waigizaji wa sauti waliandamana kwenye mnara wa Monumento a la Revolución jijini Mexico wakidai sheria, baada ya taasisi ya taifa ya uchaguzi, INE, kuweka TikTok video yenye sauti iliyonakiliwa ya José Lavat, msimulizi wa Dragon Ball Z katika Amerika ya Kilatini, aliyefariki mwaka 2018. Video za «Goku anaimba» na «Homero anaimba» zinazotengenezwa hivyo zinapatikana kila mahali na huvutia. Mimi siziweki katika orodha ya chaguo. Fandub mbaya kabisa ya mtoto wa Arequipa, Peru, mwenye mwangwi wa chumbani ina mtu aliyejaribu, na huyo mtu kesho atafanya vizuri zaidi.

Uchague vipi

Kama shabaha yako ni kuelewa utani, anza na Homero wa Vélez, kisha Goku wa Castañeda, na usiharakishe kuendelea. Vipindi hivyo vinatosha kwa miezi. Kama unakwenda Uhispania, geuza mpango: chukua Homer wa Revilla, ongeza Shrek ya Muñoz na Mota, na uache Dragon Ball ya huko mpaka utakapokuwa na marafiki wa kukuchekesha nayo. Kama unataka kusoma na kusikiliza kwa pamoja, nenda kwenye komiki za mashabiki tangu siku ya kwanza, ila chagua zenye sauti za nchi moja, kwa sababu mradi wenye Mchile, Mperu na Mhispania katika mazungumzo mamoja humchanganya anayeanza.

Na kama nia yako ni kuingiza sauti, tazama onyesho moja fupi ambalo lina matoleo ya Mexico, ya Uhispania na ya mashabiki, kwanza ukiwa umefumba macho kwa yote matatu, halafu ukiwa umezima sauti na kuangalia midomo tu. Andika ni wapi kila toleo limeongeza neno ili kujaza mdomo uliokuwa bado wazi, na ni wapi limekata. Kiswahili kina maneno marefu kuliko Kihispania katika sehemu nyingi, kwa kuwa kitenzi chetu hubeba nafsi, wakati na mtendwa kwa pamoja. Orodha hiyo utakayoiandika ndiyo utakayoihitaji siku ya kwanza utakapokaa mbele ya kipaza sauti.